Jinsi ya kulifikisha gari la mtumba kilometa 300,000

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nimeagiza Premio, imesoma kilometa 98,000, nianze na nini?" "Fundi kasema niweke oili nzito kwa sababu ya joto la Dar, ni kweli?" "Themostati nitoe au niache?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo naandika mara moja, nawe jirani akikuuliza mpe hii.

Humu namlenga mtu mwenye gari dogo la petroli la Kijapani: IST, Vitz, Premio, Allion, Spacio, Probox, Fit, Tiida. Kama una Prado ya dizeli au Subaru, hatua ya 6 isome mara mbili.

Nadharia kidogo tu

Waliowahi kumiliki Datsun 120Y au Peugeot 504 watakuambia injini ilishushwa mapema na hakuna aliyeshangaa. Magari mengi ya enzi hizo yalikuwa na odometa ya tarakimu tano. Ikifika 99,999 inarudi sifuri. Asubuhi unavuta choki, kabureta inamwaga petroli kuliko inayohitajika, na ile ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kila asubuhi injini inasagika kidogo. Siku hizi kompyuta inapima petroli na nozeli zinanyunyiza kiasi kinachotakiwa. Petroli yenye risasi nayo iliondoka kwenye vituo vyetu mwanzoni mwa 2006. Bodi za sasa nyingi hutumia bati lililopakwa zinki, kisha gari zima linazamishwa kwenye bwawa la rangi ya kwanza inayonaswa kwa umeme hadi ndani ya milango. Oili zenyewe zimeboreshwa, na plagi za iridiamu zinakwenda kilometa 100,000. Marekani, mwaka 2024, wastani wa umri wa magari yaliyokuwa barabarani ulifikia miaka 12.6.

Kwa hiyo chuma si tatizo tena. Magari haya yanakufa kwa joto na kwa vimiminika: oili iliyochoka, maji ya bomba kwenye rejeta, oili isiyo yake kwenye giaboksi. Mengi ya utakayofanya hapa chini ni kuhakikisha kila kimiminika ni kile chake na kiko kiasi chake.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kodi (code) ya modeli, kwa mfano NZT240 au NCP61. Iko kwenye kibati cha chasisi, mara nyingi ndani ya boneti. Usiende Kariakoo Gerezani au Kirinyaga Road kuuliza spea kwa kusema "ya Premio". Taja kodi hiyo.
- Daftari dogo la kukaa kwenye droo ya dashibodi. Simu hupotea.
- Spana ya ringi namba 14, soketi, na kifungulio cha filta.
- Jeki na stendi mbili. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.
- Beseni, faneli, vitambaa, glavu.
- Mita ya umeme ya bei ya kawaida na kipima upepo cha matairi.
- Kidude cha kusoma hitilafu kinachochomekwa chini ya usukani. Gari nyingi za soko la ndani la Japani za kabla ya 2008 hazielewani na vidude vya bei rahisi, kwa hiyo jaribu kwanza kabla ya kulipia.
- Oili, filta, kulanti (maji ya rangi ya rejeta) na washa, yaani ringi bapa, mpya ya bolti ya kumwagia oili.

Hatua ya 1: Soma gari kabla hujaligusa

Fungua mlango wa dereva uangalie fremu yake, kisha fungua boneti. Gari likiwa limetoka Japani na hakuna aliyelipaka rangi upya, mara nyingi utakuta vibandiko vidogo vya gereji za kule. Maandishi huyajui, lakini tarakimu unazijua. Kibandiko kinachosomeka 27 / 4 / 12 kisha 71,500 hakimaanishi mwaka 1927. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei unajumlisha 1988, kwa hiyo 27 ni 2015: oili ilibadilishwa tarehe 12 Aprili 2015 gari likiwa na kilometa 71,500. Enzi ya Reiwa, iliyoanza 2019, unajumlisha 2018.

Sasa linganisha na odometa. Kibandiko cha 2015 kikisema 71,500 na dashibodi leo ikisema 64,000, umeshaelewa kilichofanyika. Usilie, wengi wamepitia. Kuanzia hapo amini hali ya gari yenyewe, na fanya hatua zote zinazofuata bila kuruka hata moja. Angalia pia mpira wa kanyagio la breki na ngozi ya usukani. Kilometa 60,000 haziwezi kulainisha mpira mpaka mistari yake ipotee.

Andika kwenye daftari: tarehe, kilometa za leo, na "SIFURI YANGU". Historia ya gari kwako inaanzia hapo.

Hatua ya 2: Oili ya injini

Hapa ndipo maneno yanapokuwa mengi, tuyamalize.

Kwenye 5W-30, namba ya kwanza yenye W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, ya pili ni unene wake injini ikishapata moto. Injini ina nyuzi zile zile ikiwa Dar au Tokyo, kwa sababu themostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, ndiyo inayoamua. Joto la Dar si sababu ya kukimbilia 20W-50. Kitabu cha gari lako kinaweza kuiruhusu kwa nchi za joto, sikatai, lakini injini za VVT-i za Toyota zinarekebisha muda wa kufunguka kwa vali kwa oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba na kichujio kidogo, na oili nyepesi inafika mapema asubuhi unapowasha. Mimi natumia 5W-30. Injini iliyokwisha choka, inayokula oili, ipe 10W-40, lakini ujue hapo unatuliza maumivu, hujatibu.

Kwenye kopo tafuta herufi za API: S ni ya petroli, na herufi inayofuata kadiri inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo ya viwango vipya. SN ilikuja 2010, SP 2020. Kopo lenye CF peke yake ni la dizeli.

Kazi yenyewe:

a) Endesha dakika kumi oili ipate uvuguvugu, zima, subiri dakika tano. Oili ya moto sana itakuunguza mkono.

b) Inua mbele, weka stendi, vuta breki ya mkono, weka vizuizi nyuma ya magurudumu.

c) Legeza bolti ya 14 kwa spana, malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu, kisha ivute ghafla pembeni. Acha oili ichuruzike mpaka iwe matone. Usiharakishe, iliyobaki ndiyo yenye uchafu.

d) Toa filta. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Ukifunga mpya juu yake, oili itamwagika yote barabarani. Paka mpira wa filta mpya oili kidogo kwa kidole, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Basi.

e) Rudisha bolti na washa mpya. Ianze kwa vidole. Ikikataa kuingia kwa vidole usiilazimishe kwa spana, sampo ni aluminiamu na nyuzi zake zikikatika ni gharama nyingine. Kaza kiasi, usining'inie.

f) Injini ya 1NZ-FE, ile ya 1500 iliyomo kwenye Premio, Spacio, Probox na IST nyingi, inachukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta. Mimina 3.3, washa nusu dakika, zima, subiri, pima kwa kijiti, ongeza kidogo kidogo mpaka ikaribie alama ya juu. Kuzidisha nako ni kosa.

Gereji nyingi humimina kopo zima la lita nne kwa sababu kopo ni la lita nne. Simama hapo uangalie kijiti mwenyewe.

Muda wa kubadilisha: Japani kwa matumizi mepesi wanakwenda mpaka kilometa 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu nusu yake. Foleni, vumbi na safari za kilometa tatu tatu ndiyo matumizi magumu, yaani maisha yetu ya kila siku. Oili ya kawaida badilisha kila kilometa 5,000, sintetiki kamili 7,500, au miezi sita ikitangulia.

Onyo la oili feki: nunua kituo cha mafuta au kwa wakala, na kopo likiisha litoboe kabla ya kulitupa. Kuna watu wanaokusanya makopo mazima, nawe unajua wanayapeleka wapi. Oili chafu usiimwage mtaroni. Gereji wanaipokea, na wajenzi wanaitaka kwa kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Kati ya mabadiliko hayo, pima oili kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa mahali tambarare. Wengi wanaoua injini hawakuchelewa kubadilisha oili. Waliiacha ipungue bila kujua.

Hatua ya 3: Mfumo wa kupoza

Premio yangu ya kwanza, NZT240 ya 2003, niliinunua kwa mtu hapa mjini, haikutoka bandarini. Dar ilikwenda vizuri, ila ilikunywa mafuta. Sikujali mpaka Julai moja nilipokuwa Njombe. Alfajiri naondoka, vioo vimejaa ukungu, nimefungua hita hadi mwisho, hewa inayotoka ni kama ya friji. Nimefika Makambako, kilometa 60, bado baridi ile ile na vidole havikunji. Fundi mmoja pale akafungua nyumba ya themostati, akatazama, akacheka: tupu. Na feni ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja, ukiwasha ufunguo nayo inazunguka. Ugonjwa halisi ulikuwa rejeta iliyoziba kwa kutu na chumvi ya maji ya kisima. Mtu alikwepa kununua rejeta, akatoa themostati.

Themostati inafunguka nyuzi 82 hivi. Ikiwa haipo, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza petroli, na oili haikauki unyevu. Yaani unairudisha injini ya 2003 kwenye enzi za kabureta. Usikubali itolewe. Na kama umenunua gari mkononi mwa mtu, chukulia imetolewa mpaka uhakikishe.

Fanya hivi:

a) Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi, mekundu au ya waridi kwa Toyota, bila matope wala utando wa oili.

b) Yakiwa na kutu, fungua koki ya chini, mwaga, jaza maji safi, washa mpaka feni izunguke, zima, subiri ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe.

c) Badilisha themostati na kifuniko cha rejeta kwa pamoja. Kifuniko kinashikilia presha inayozuia maji kuchemka mapema. Chemchemi yake ikichoka, gari litachemsha mlimani huku kila kitu kingine kikiwa kizima.

d) Jaza kulanti. Ikiwa haijachanganywa kiwandani, nusu kulanti nusu maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa kuongezea kwenye betri. Soma kopo vizuri usije ukachukua asidi.

e) Toa hewa: kifuniko wazi, hita kwenye joto la mwisho, acha iungurume, minya hozi ya juu kwa kitambaa, ongeza kadiri mapovu yanavyotoka, mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Funga, jaza tangi la akiba hadi alama ya FULL.

Kulanti nyekundu ya Toyota ni ya miaka miwili au kilometa 40,000. Ile ya waridi inakaa zaidi, kilometa 160,000 kwa iliyotoka kiwandani, kisha kila 80,000. Kama hujui iliyomo, rudi kwenye SIFURI YAKO na uanze upya.

Gari nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa tayari, kwa hiyo mwenye taa achungulie tangi la akiba mara nyingi kuliko mwenye mshale.

Hatua ya 4: Giaboksi

Usiamini "lifetime". Oili ya giaboksi inachoka kama nyingine. Na hapa kosa moja linatosha kuua: kuweka ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) yoyote nyekundu kwa kuwa rangi inafanana.

Premio ya kizazi cha kwanza ya 1500 ina giaboksi ya gia nne inayotumia oili iitwayo T-IV. Kizazi cha pili, kuanzia 2007, ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), na CVT ya Toyota inataka CVTF ya aina ya TC au FE kulingana na mwaka. Nissan wana NS-2 na NS-3 zao. Honda Fit za mwanzo zenye CVT zinataka oili ya Honda yenyewe, na nimeona zaidi ya moja ikianza kutetemeka kila inapoondoka kwa sababu ya kuwekewa ATF ya kawaida. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili. Oili ndiyo inayouzuia usiteleze na ndiyo inayouzuia usisagike. Ukiibadilisha kwa nyingine unakuwa umeubadilisha mfumo wote.

Jinsi ya kuifanya bila kujuta: mwaga kwa bolti ya chini, pima kilichotoka kwa kopo lenye alama, rudisha kiasi kile kile. Itatoka lita mbili na nusu au tatu tu, nyingine imebaki kwenye konveta. Endesha kilometa elfu moja, rudia. Mara tatu unakuwa umebadilisha sehemu kubwa. Gari lenye umri na oili nyeusi usilipeleke kusukumwa kwa mashine kwa mara moja; uchafu uliolala unaamka na kuziba vali.

Yenye kijiti cha kupimia inapimwa ikiwa moto, injini inaunguruma, umeshapitisha gia zote na kurudi P. Ukiipima kama unavyopima ya injini utaizidisha. CVT nyingi hazina kijiti kabisa, ziachie anayejua.

Tabia za kuacha leo: kutoka R kwenda D kabla gari halijasimama, na kuacha gari lining'inie kwenye P mlimani bila breki ya mkono.

Hatua ya 5: Hewa, plagi, petroli

Eya klina itoe kila mwezi kama unapita rafu rodi. Ipulizwe kutoka upande safi kwenda upande mchafu, si kinyume chake, na ya karatasi haioshwi. Vumbi linalopita hapo linafanya kazi ya msasa ndani ya silinda.

Plagi za iridiamu zina ncha nyembamba kuliko milimita moja. Fundi akizitoa na kuzipiga msasa, ameziua. Zikifika 100,000 badilisha zote nne.

Usitembelee taa ya mafuta. Pampu imo ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe.

Hatua ya 6: Taimingi

Uliza jambo moja: kinachounganisha krenki na vali ni cheni au ni mkanda? 1NZ na 2NZ ni cheni, ambayo ukibadilisha oili kwa wakati huna la kuifanyia. Mkanda unabadilishwa kila kilometa 100,000. Subaru za EJ20, Prado na Surf za 1KZ, Land Cruiser za 1HZ, Mark II GX100 za 1G-FE, zote ni mkanda. Dizeli nyingi za Toyota zina taa ya T-BELT inayowaka zikifika 100,000, na mtindo wa baadhi ya watu ni kuizima taa bila kubadilisha mkanda. Ukinunua 1KZ ambayo taa haiwaki, usishukuru, uliza risiti. Ukifungua kubadilisha mkanda, badilisha na pampu ya maji kama ndiyo inayozungushwa nao, na biaringi zake; kazi ya kufungua ni ile ile.

Hatua ya 7: Breki, matairi, miguu

Mafuta ya breki ni DOT 3 kwa gari nyingi hizi, kila miaka miwili, kwa sababu hufyonza maji kutoka hewani. Usiongezee kitu kingine chochote.

Upepo unasomwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba zilizochongwa kwenye tairi ni kiwango cha juu cha tairi, hazina habari na gari lako. Umri wa tairi ni tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi lililokuja na gari kutoka Japani linaweza kuwa na kashata nzuri na miaka kumi mgongoni.

Miguu, yaani shokapu, bushi, boljointi na stebilaiza linki, ndiyo inayoliwa zaidi na barabara zetu. Linki ikianza kugonga ibadilishe mapema. Ni spea ndogo, lakini mlio wake unaficha milio mingine.

Hatua ya 8: Umeme

Kuna mtindo wa mafundi wa zamani: gari linaunguruma, anachomoa terminali ya betri kuona kama oltaneta inachaji. Kwenye 120Y haikuwa na shida. Kwenye gari lenye kompyuta, umeme unaruka ghafla na unaweza kuunguza ulichokuja kukipima. Mzuie. Tumia mita: injini imezimwa, betri nzima ni volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.7.

Na vijana wa kuosha magari wakatazwe kuelekeza mpira wa presha ndani ya boneti. Maji yakikaa kwenye visima vya plagi, kesho gari linamisi na utanunua koili bure.

Hatua ya 9: Bodi

Mkaaji wa Kigamboni, Likoni, Bububu au popote unapolamba chumvi hewani: osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki mbili, siyo juu tu panapoonekana. Pitisha kijiti kwenye vitundu vilivyo chini ya milango. Vikiziba kwa vumbi, maji ya mvua yanabaki ndani na mlango unaoza kutoka ndani kuja nje. Kagua pia chini ya gari lililotokea Hokkaido na kaskazini ya Japani, maana kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Gari likileta shida

*Joto limepanda.* Zima eya kondishena, fungua hita hadi mwisho, toka barabarani, zima injini. Usifungue kifuniko, usimwagie maji injini. Subiri angalau nusu saa, mpaka hozi ya juu ilegee ukiiminya kwa kitambaa. Ukiendelea "kidogo tu nifike" ndipo silinda hedi inapopinda.

*Taa nyekundu ya oili imewaka ukiwa safarini.* Zima hapo hapo. Taa hiyo inasema presha haipo, na injini isiyo na presha ina dakika chache tu.

*Kifuniko cha oili kina kitu cheupe kama maziwa.* Kama unafanya safari fupi tu kwenye baridi, unaweza kuwa ni unyevu. Endesha safari ndefu uone. Kama na maji ya rejeta yanapungua, ni gasketi ya hedi.

*Moshi.* Buluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli imezidi. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni kulanti inaingia kwenye silinda.

*Gari linavuta kwa kusitasita au CVT inatetemeka likiondoka.* Kabla hujaambiwa "giaboksi imekufa", uliza oili iliyomo ni ipi na iliwekwa na nani. Rudi hatua ya 4.

*Usukani unatetemeka.* Kwenye 80 na kuendelea bila kukanyaga breki, ni balansi ya matairi. Ukikanyaga breki tu, ni diski.

*Taa ya injini inawaka bila kupepesa.* Unaweza kufika nyumbani, kisha soma namba ya hitilafu. Ikipepesa, silinda inamisi na petroli mbichi inachoma katalisti, yaani kisafisha moshi kwenye ekzosi. Punguza mwendo na usimame. Usimruhusu mtu afute namba kabla hujaiandika kwenye daftari. P0300 ni kumisi, anza na plagi na koili. P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli, tafuta mpira uliopasuka nyuma ya eya klina. P0420 ni katalisti, na kama gari limenunuliwa mkononi mwa mtu, chungulia kwanza kama bado ipo, maana watu wanaziuza.

P0128 inasema injini haipati joto linalotakiwa. Chukua spana ya 10, fungua nyumba ya themostati.